Wafo Yangu Bado Haina Kitu Juu

Gharama ya shughuli nzima ilikuwa sufuri. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mimi si mtu wa kupewa kitu bure nikakiamini. Wafo moja, ya moto, kwenye sahani ya wateja, na kitambaa kimekunjwa pembeni kana kwamba mimi ni mgeni kutoka Kampala. Hiyo ndiyo zawadi mliyoniagia nilipoacha kazi jikoni. Pamoja nayo mkanipa swali: juu tuweke nini? Sijalijibu mpaka leo, na hapa nyumbani kwangu Malukhu swali hilo limeacha kuwa mchezo.

Khainza, wewe ndiye umeshika chuma cha wafo baada yangu, kwa hiyo wewe ndiye utakayewasomea wenzako. Walioingia jikoni juzi hawajui tulianzia wapi. Wakae chini, ila mmoja abaki na makaa.

Mimi nilianza na chapati. Nilikuwa na meza kando ya barabara Mpumudde, Jinja, na mwavuli uliokuwa unavuja upande wangu tu, si upande wa wateja. Mama Nabirye alikuwa mpishi wa mkahawa mmoja mjini, ule ambao wazungu wanaoteremka mto kwa maboti ya mpira walikuwa wanaenda kula wakishatetemeka vya kutosha. Asubuhi moja alisimama mbele ya meza yangu, akanunua chapati moja, hakuila. Alikuwa anatazama mkono wangu.

"Wewe, unaweza kugeuza kitu usichokiona?"

"Kwa bei gani?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Nimekuuliza kazi, umenijibu soko. Kesho saa kumi na mbili uje."

Kitu nisichokiona kilikuwa wafo. Unga, mayai, maziwa, siagi, vikikorogwa na kumiminwa katikati ya vyuma viwili vyenye visanduku, halafu unafunga na kusubiri. Chapati unaiona inapoiva, unaweza hata kuipiga kofi. Wafo inaiva gizani. Menyu iliandika jina lake kwa Kizungu, waffle, sisi jikoni tukasema wafo, na mteja aliyeomba kwa jina lolote kati ya hayo mawili alipata kitu kilekile.

Chuma cha kwanza kilikuwa cha umeme. Jinja ni mji wenye bwawa la umeme mlangoni, na umeme ulikuwa unakatika pale kama kwingine kote, labda ili tusijione. Mama Nabirye akachoka, akanituma kwa fundi wa kuchomelea atutengenezee chuma cha mikono mirefu cha kukaa juu ya sigiri ya makaa. Fundi alianza na bei ya geti.

"Bwana, nataka kupika, sitaki kufungia ng'ombe," nikamwambia.

"Hii ni kazi ya akili, ssebo. Visanduku vyote hivi!"

"Basi punguza visanduku, tupunguze na bei."

Tuliachana kwenye bei ya dirisha dogo, na mpaka leo naamini alinipiga. Lakini chuma ni hicho hicho ulichoshika wewe sasa, Khainza. Kimetoka Jinja mpaka Mbale miguuni pangu ndani ya basi, na hakijawahi kukataa kazi. Usikioshe kwa sabuni. Kifute kikiwa na moto, kipake mafuta juu na chini, na wafo ya kwanza ya asubuhi usimpe mteja, hata akiwa ndugu yako. Sikiliza mvuke. Ukiwa unatoka kwa nguvu pembeni, acha. Ukipungua, bado acha. Ukiisha, fungua. Anayefungua mapema anapata nusu iliyoshika juu na nusu iliyoshika chini, na hakuna bei ya nusu mbili za namna hiyo. Nimejaribu kuziuza.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo muuza chapati yeyote wa hapa angelifanya. Nilipika wafo za watu wa meza mbili, moja baada ya nyingine, nikazipanga ndani ya hotpoti, nikazifunika kwa kitambaa safi ili zisipoe. Chapati unazitunza hivyo. Nikajiona mtu wa maana. Mama Nabirye alipofunua, zilikuwa zimelegea kama godoro lililonyeshewa.

"Hizi umezipika au umezilaza?"

"Zina moto, Mama."

"Hata mgonjwa ana moto." Akaokota moja kwa ncha za vidole, ikaning'inia. "Wafo ikikatwa, mtu wa meza ya pili asikie. Hii nani ataisikia?"

Tulizipika upya. Zile laini tulizila sisi wenyewe tumesimama, na huko ndiko nilikojifunza kula nimesimama. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Kuna mambo mengi yule mama alinifundisha, lakini nililoondoka nalo ni la sahani. Mkahawa mwingine unapeleka sahani chafu nyuma kwa muoshaji, basi. Yeye hapana. Kila sahani ilipitia mbele yake kwanza. Alikuwa akiisoma vile waaguzi wanavyosoma masalia ya kikombe. Huyu ameagiza asali kwa sababu rafiki zake wameagiza asali, tazama, imebaki. Huyu amekula katikati akaacha kingo, meno yanamsumbua. Huyu amepangusa karanga zote mpaka kwenye mdomo wa sahani kwa kidole, na aliomba kidogo tu. Kesho akija, umwekee nyingi bila kumuuliza. Mdomo wa mteja, alikuwa anasema, una watu wengi ndani yake: mke, daktari, rafiki, mchungaji, sheikh. Sahani ina mtu mmoja.

Kwa hiyo neno moja alilipiga marufuku jikoni kwake, nami nikalipiga marufuku kwenu: chochote. Mteja anaweza kulisema, hatuwezi kumfukuza. Lakini mhudumu asiniletee oda imeandikwa chochote. Akae pale, amuulize mtu wake, amwonjeshe kama ni lazima, aje na kitu chenye jina.

Wazungu walikuwa rahisi. Walitaka ile sharubati ya miti ya kwao, ambayo chupa yake moja ilikuwa inanifanya nitoke jasho dukani. Tukayeyusha sukari guru na tangawizi, tukaiweka kwenye kijagi, tukanyamaza. Sahani zikarudi zimelambwa. Mmoja aliuliza mti wenyewe unapatikana wapi. Nikamwonyesha upande wa mashamba ya miwa.

Mgumu alikuwa afande. Mwanajeshi mstaafu, mrefu, kiatu kimepigwa rangi, na Kiswahili cha kambini. Mnajua hapa kwetu Kiswahili cha namna ile kilikuwa cha watu wa bunduki, na mtu akiingia nacho, watu wazima wanavuta viti vyao karibu na ukuta bila kujua kwa nini. Alikuja kila Jumatatu peke yake.

"Afande, unataka nini juu?" mhudumu anauliza, sauti imepungua.

"Lete tu."

"Asali? Ndizi?"

"Nimesema lete."

Mhudumu akaja jikoni bila oda. Mama Nabirye akaweka vibakuli vitatu kwenye sinia: asali, bogoya, ile ndizi mbivu, iliyokaangwa, na mchuzi mzito wa karanga. Sahani ikarudi safi. Vibakuli vyote vimekwanguliwa sawasawa, kijiko na uma vimelala pamoja kama askari. Jumatatu ya pili hivyo hivyo. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Mimi nikasema, "Huyu mtu ni chochote kweli, Mama. Wapo." Akanikatalia. Jumatatu ya tatu alisimama kwenye kidirisha cha jikoni tangu afande alipokaa mpaka alipoondoka, wafo zikiniungulia mimi.

"Asali anaanza nayo," akaniambia. "Anaimaliza upesi, kama amri. Bogoya hivyo hivyo. Halafu anapunguza mwendo. Visanduku vinne vya mwisho anavitunza, na vyote ni vya karanga."

Wiki iliyofuata tulimpelekea karanga peke yake. Mimi ndiye niliyebeba, kwa kuwa mhudumu alikuwa amekumbuka shughuli nyingine. Afande akaitazama sinia.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu, afande. Sahani yako."

"Sahani inazungumza?"

"Yako inanong'ona, afande."

Nikawa napima umbali wa mlango. Halafu akavuta kiti cha pili kwa mguu. "Kaa. Umesimama kama mlinzi, mtu hawezi kula." Sikukaa, nilikuwa na chuma motoni. Lakini alikuja kila Jumatatu mpaka nilipohama Jinja, na kila Jumatatu aliendelea kusema "lete tu". Hakuwahi kutamka karanga. Nilimcheka sana nyumbani.

Magoti ya Mama Nabirye yalipokataa ngazi za mkahawa, alirudi kwao kulima, akaniachia chuma. Tajiri wetu, mwenye mkahawa, naye akawa amefungua tawi Mbale, upande wa Nabuyonga, nami ni mtu wa Mbale, basi nikarudi nyumbani na chuma miguuni. Nilidhani nimekuja kufundisha mji kula wafo. Mwezi wa kwanza mji ulipita nje, ukasoma ubao, ukaendelea na safari. Waliokuja walikuja na watoto, kwa sababu kitu chenye sukari ni cha mtoto.

Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja wa pale Nabuyonga, Mwalimu Nambozo. Aliagiza wafo tupu, akafungua mkoba, akatoa kibati cha malewa: mianzi michanga ya mlimani, iliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, chakula ambacho Mgisu, mtu wa mlima huo, akikinusa anaacha kukudai. Akamimina juu.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ni wafo."

"Naiona. Ina vishimo. Mchuzi unakaa, haukimbii kama kwenye matooke. Wewe ulifikiri vishimo ni vya urembo?"

Tajiri, ambaye ni Mkenya, alishika kichwa. "Haji, malewa kwa wafo? Si watu watatucheka!" Watu hawakucheka, walivuta viti. Halafu madereva wa malori, Wakenya wenzake, wakaja na yao: hawataki inayolia ikikatwa, wanataka laini, ya kukunja na yai na maharage, mtu aendeshe nayo mkono mmoja. Nikatoa hotpoti kabatini. Nikapanga wafo, nikafunika kwa kitambaa, nikatazama mlangoni kama Mama Nabirye haji. Kosa langu la siku ya kwanza ndilo walilokuwa wanalipia. Waislamu wenzangu mwezi wa Ramadhani wakataka iliki ndani na chai pembeni, basi, juu isiwekwe kitu. Mimi niliwapa wote. Sikubishana na mtu hata mara moja juu ya nini ni kizuri. Nilibishana na wauza karanga tu.

(Mnaniita Haji. Kwa wageni niseme wazi: Makka sijaiona, mbali zaidi nilikofika ni Busia.)

Sasa ile siku ya kuniaga. Mlinivua aproni, mkaniketisha meza ya dirishani. Kiti kile nimekifuta miaka yote, sikujua kinayumba. Khainza ukaja na sinia, umejifanya hunijui.

"Karibu, mzee. Leo wewe ndio mteja. Hii wafo tunaandika kwa ubao na jina yako. Juu tuweke nini?"

Nikasema, "Chochote."

Mlicheka wote. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni utani wangu. Halafu mkaacha mmoja mmoja, kwa sababu mliona nasubiri nanyi mnasubiri.

"Haji," ukasema, sasa kwa sauti yako mwenyewe, "hiyo neno ulitukataza wewe."

"Basi weka asali."

"Unapenda asali?"

"Asali ni nzuri."

"Sijauliza kama ni nzuri."

Mama Nabirye asingeuliza vizuri kuliko hivyo. Nikakikunjua kitambaa, nikakikunja tena. Mkanifungia ile wafo kavu, mkaandika kwenye ubao jina langu, na mbele yake mkaacha nafasi. Nasikia nafasi ipo mpaka leo na wateja wanauliza.

Mama Shamimu, mke wangu, alifungua ile karatasi mezani.

"Hawajaweka kitu?"

"Waliniuliza nataka nini. Nikashindwa."

Nilitegemea anicheke, ana kipaji hicho. Badala yake akavuta kigoda akakaa. Akasema polepole, "Kumbe si mimi peke yangu."

"Wewe peke yako nini?"

"Baba Shamimu, tangu nimeolewa nakuuliza jioni upikiwe nini, unasema chochote. Nikipika kuku, nzuri. Nikipika maharage, nzuri. Shamimu alipounguza wali, nzuri. Mimi nilijua unatoka kwa vyakula vya wazungu huko, vyangu huvioni. Nikaacha kujaribu. Iliki niliacha kutia mwaka gani, unajua?"

Sikujua. Nilikuwa nikijua Mwalimu Nambozo anapenda malewa yenye chumvi kidogo, na dereva gani hataki kitunguu.

"Sasa upo nyumbani kutwa," akasema. "Nataka nijue naishi na nani. Mpaka uniambie kitu kimoja unachokipenda, kimoja tu, mimi nitakuwa napika ninachopenda mimi."

Mama Shamimu anapenda mukene, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, wenye macho. Mukene wa nyanya, mukene wa karanga, mukene mkavu. Tangu siku hiyo naangaliwa na sahani yangu kila jioni. Ukiniuliza kama nawapenda, nitakuambia wamekaushwa vizuri.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na msidhani sijajitahidi. Nilikwenda soko la Mbale, nikanunua asali, karanga, sukari guru, bogoya na malewa, kwa bei ambayo wauzaji watanikumbuka kwa ubaya. Nikapika wafo kwenye sufuria, ikatoka ya hovyo, haidhuru. Nikakaa kama mkaguzi, nikaonja kimoja kimoja. Asali ina moshi, nyuki wamefukuzwa vibaya. Karanga zimekaangwa zikapitiliza. Sukari guru imechanganywa na kitu. Malewa ya mwaka jana hayo. Nilipomaliza nilikuwa na ripoti nzima, ila jibu sikuwa nalo. Ulimi wangu nimeuajiri miaka yote kwa ajili ya wengine, na haujazoea kuulizwa habari zake. Nikajaribu kusoma sahani yangu mwenyewe. Ilikuwa safi kila upande. Nikamkumbuka afande, nikaacha kumcheka.

Ila yeye alikuwa na mtu kwenye kidirisha, akimtazama alivyopunguza mwendo.

Ndiyo maana nawaandikia. Mimi sikuwahi kukaa mezani, lakini sikufa njaa. Kila asubuhi nilikuwa nakata zile kingo zilizomwagika nje ya chuma, zile kavu zinazovunjika, na nilikuwa nazila nimesimama, jicho likiwa kwenye oda inayofuata. Mkono ulikuwa unachovya. Najua ulichovya kwa sababu Mama Shamimu alikuwa analalamikia madoa ya mkono wa shati. Vibakuli vilikuwa mbele yangu, vyote, na mimi nilikuwa natazama kwingine.

Khainza, wewe ulikuwa unasimama kushoto kwangu na mimi ndiye niliyekufundisha kutazama. Usinitafutie kitu cha kunifaa, wala usiniambie kipi kinauzika ubaoni. Niambie ulichokiona tu. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye bakuli lipi, na ukingo wa mwisho nilikuwa nautunza kwa ajili ya kipi? Tuma jibu na mtu wa boda anayepita Malukhu, nitapatana naye bei mimi mwenyewe akifika. Na kama ni asali au ni karanga au ni sukari guru, liandike jina lake waziwazi, nimsomee Mama Shamimu kabla hajawasha sigiri. Ameshaloweka mukene.